Waliniuliza ukoo, nikawatajia wa baba

Leo mvua imenyesha hapa sokoni Kiboriloni, Moshi, toka saa mbili asubuhi, mzigo umefunikwa turubai, wateja hakuna, basi nimekaa na simu nikasema niandike hii stori kabla bando halijaisha. Nauza mitumba ya watoto, nina miaka 39, sio daktari wala nesi, biolojia yangu iliishia form four nikapata D. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akaniuliza dozi. Ninachojua mie ni njia niliyopita kutafuta jina la ugonjwa wa kwetu, wa sukari na masikio, na hela iliyoteketea, na swali moja dogo ambalo ningeulizwa mwaka 2017 ningeokoa miaka minne.

Yalianza masikio. Mwaka 2013 nina miaka 27 na mtoto mmoja mgongoni, nikawa siwasikii wateja, tena sio wote, wanaume wenye sauti nzito nawasikia vizuri tu na lori likipita nashtuka kama watu wengine, ila mwanamke akiuliza "hii shilingi ngapi" nyuma yangu mie naendelea kukunja nguo zangu. Wakaanza kusema naringa. Mmoja aliniambia usoni, eti dada siku hizi umepata hela hata salamu hujibu. Simu ikiita siisikii, ndege wa asubuhi kwenye migomba nilikuwa nadhani wamehama jamani, kumbe wapo.

Nikaenda zahanati wakanisafisha masikio kwa maji ya vuguvugu, wakanipa na dawa ya matone, elfu 10 ikaenda. Haikusaidia. Nikarudi mara mbili tukarudia yale yale. Halafu kuna kijana machinga alikuwa anapita na vile vifaa vya kuweka sikioni, elfu 25, nikanunua, kikawa kinapiga mluzi hadi watoto wa jirani wanacheka na kelele zote za soko kinazikuza sawasawa mpaka kichwa kinauma. Nilikitumia wiki mbili nikakitupa kwenye kabati. Hadi leo kipo.

Sukari ikaja 2017. Usiku naamka mara tano kwenda kukojoa, kiu ya ajabu, na nilikuwa nimekonda nimebaki kilo 47, na hapa kwetu mwanamke akikonda hivyo watu wanajua jibu kabla ya kipimo. Nilipima virusi mara tatu sehemu tatu tofauti, hasi, hasi, hasi. Ya nne nilipimwa sukari ikasoma 19. Daktari aliniangalia juu hadi chini, akasema kwa umri wako hii ni aina ya pili ingawa wenye aina ya pili wengi huwa na mwili, akaandika metformin, akauliza: kuna mtu kwenye ukoo ana kisukari?

Nikasema hakuna.

Naomba hapa nisimame kidogo maana ndo kiini cha yote. Sikudanganya. Mchagga ukimuuliza ukoo anakwenda kwa baba moja kwa moja, hata hafikirii. Jina langu la ukoo ni la baba, kihamba, yaani shamba la ukoo, ni cha baba, matanga na harusi na vikao vyote ni upande wa baba. Kwahiyo kichwani nilipita babu, baba, baba wakubwa wawili, mashangazi wanne, wote wazima kabisa, shangazi mkubwa ana miaka karibu 90 na bado anakata majani ya ng'ombe mwenyewe. Hakuna kisukari. Mama yangu alitoka Uru akaolewa Kibosho, na watu wa kwao sisi tunasema tu "kwa wajomba". Kwa wajomba ni kwenda kula sikukuu na kurudi, haikunijia hata kidogo kwamba daktari anauliza na huko.

Na daktari hakuuliza zaidi, foleni ilikuwa hadi nje.

Basi nikameza metformin. Sukari ilishuka kiasi, ila mwili ukawa haueleweki. Nikipanda ile ngazi ya kutoka barabarani hadi nyumbani, ngazi kumi na nne tu, mapaja yanawaka moto kama nimetoka kupanda mlima wenyewe. Kichefuchefu kila siku. Nikarudi kulalamika, sukari ikapimwa ikaonekana bado iko juu, dozi ikaongezwa. Nikalalamika tena, nikaambiwa nizoee na nile kabla ya kumeza. Sisemi walikuwa wabaya, walitibu walichokuwa wanakiona. Metformin ni dawa nzuri sana na kwa wagonjwa wengi ndo ya kwanza kabisa, kwahiyo kama wewe unaitumia na uko sawa tafadhali usije ukaiacha kwa sababu ya stori ya muuza mitumba.

Kosa langu kubwa lilikuwa Machi 2021. Kikundi chetu cha maombi tulikubaliana kufunga siku tatu, kavu, bila hata maji. Mie nilikuwa na jambo langu, naombea hayo hayo masikio na hiyo hiyo sukari, na sikumwambia mtu wa kliniki kwa sababu nilijua atanikataza. Dawa niliendelea kumeza nikiona ndo uaminifu. Siku ya pili jioni nikaanza kutapika na tumboni hakuna kitu, nahema mbio mbio kama nimekimbizwa, miguu haikubali kunyooka. Wenzangu wakaniwekea mikono wakisema kuna kitu kinatoka. Mume wangu alipofika kunichukua hakubishana na mtu, alinibeba kama mtoto hadi kwenye bajaji, na yule bwana sio mtu wa nguvu nyingi.

Sukari usiku ule ilikuwa 11, yaani sio ya kutisha. Kilichotisha ni kipimo kingine, asidi ya lakteti kwenye damu, nilikuja kuelezwa baadae kwamba mtu mzima mwenye afya haizidi 2, yangu ilisoma 7. Waliniwekea maji ya mshipa na metformin ikasimamishwa hapo hapo.

Siku ya tatu wodini akaja daktari kijana, mmoja wa wale wanaosomea ubingwa. Aliona simsikii na barakoa yake imefunika mdomo, midomo ndo nilikuwa nategemea kusoma, basi akageuza fomu ya maabara akaandika nyuma yake kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa kama anamwandikia mtoto: MAMA YAKO ANASIKIA VIZURI?

Nikamwambia mama ni marehemu. Akaandika chini yake: ALIPOKUWA HAI?

Hiyo karatasi ninayo. Mama alikuwa kiziwi toka akiwa na miaka arobaini hivi, sisi tulizoea kumshika bega ndo tuongee nae. Alikufa 2015 akiwa na miaka 54, tukaambiwa moyo mkubwa. Bibi mzaa mama ndo usiseme, tulipokuwa wadogo tukienda Uru tulikuwa tunamcheka, unamwita toka kwenye kahawa haitiki mpaka umtupie punje. Mjomba mkubwa kisukari, masikio, akamalizwa na figo. Mama mdogo yuko Arusha, kisukari na masikio. Nilikuwa navitaja kimoja kimoja na naona jinsi yule kijana anavyoandika haraka, akaanza kuchora, duara kwa wanawake mraba kwa wanaume, wenye shida anawapaka wino. Wino ulishuka toka kwa bibi ukaenda kwa watoto wake, ukashuka kwa mama ukaja kwangu. Kwa mjomba ulikwama. Mjomba ana watoto watano, wote watu wazima, mmoja kafika miaka 50, hakuna mwenye sukari wala tatizo la sikio.

Niliitazama ile michoro nikasema hii kitu tumekuwa tunaishi nayo sebuleni.

Sasa nieleze nilivyoelewa, na aliyesoma zaidi anisamehe. Form one tulikariri kwamba mitokondria ndo inazalisha nguvu ya seli, tukapata maksi tukasahau. Mie naiona kama jiko. Chakula unachokula ndo mkaa, pumzi ndo upepo, mitokondria ndo jiko lenyewe, na moto unaotoka unaitwa ATP, ndo seli inautumia kufanya kazi zake zote. Karibu kila seli mwilini ina majiko haya, nyingine mamia nyingine maelfu, chembe nyekundu za damu kwa mfano ndo hazina kabisa. Viungo vinavyofanya kazi bila kupumzika ndo vina majiko mengi, moyo, ubongo, misuli, macho, na ndani kabisa ya sikio. Na kongosho nalo, maana ili liachie insulini lazima lichome sukari lipate nguvu ndo lijue kwamba sukari imepanda. Jiko likiwa bovu kongosho halijui. Kwahiyo kisukari changu hakikutokana na soda wala unene, ni kongosho lenyewe limeishiwa moto.

Na jiko lisipopata upepo vizuri si linajaza moshi ndani, sio Moshi mji, moshi wenyewe. Ule moshi ndo ile asidi. Mtu mwenye majiko mabovu anaijaza kirahisi, na metformin inayapunguzia majiko kasi kidogo, kwa mwenye majiko mazima haina neno ila kwa mtu kama mie ni kumfungia dirisha. Ongeza na siku mbili bila chakula wala maji. Nashukuru Mungu nipo.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mitokondria ina vinasaba vyake yenyewe, mbali na vile vikubwa tunavyopata nusu kwa baba nusu kwa mama. Ni vidogo sana, ukiviona kama maandishi ni herufi 16,569 tu na jeni 37, wataalam wa Cambridge walizisoma zote wakamaliza mwaka 1981. Na hivyo vinatoka kwa mama peke yake, vimo kwenye yai, mbegu ya baba haiviachi kwa mtoto. Ndo maana mjomba aliugua ila wanae wamepona. Kosa la kwetu lipo kwenye herufi namba 3243, inatakiwa iwe A imekuwa G. Basi, herufi moja. Wajapani waliiunganisha na ugonjwa mwaka 1990, na 1992 ikakutwa Uholanzi kwenye familia ambayo kisukari na uziwi vinashuka kwa akina mama, mie hata shule sijaanza. Nilipoelezwa nilicheka wodini peke yangu, yaani sisi wa Uru na Waholanzi tuna herufi moja mbovu.

Ila mbona mama aliugua moyo, mjomba figo, mie masikio na sukari, na dada yangu tumbo moja yuko vizuri tu? Hili daktari alinieleza mara mbili sikulielewa, mara ya tatu nikajieleza mwenyewe kwa belo. Ukifungua belo la nguo za watoto kuna nguo za chaguo na kuna matambara, vimechanganyika. Mama ndo belo. Kila mtoto anachotewa mkono mmoja gizani, wewe ukapata matambara mengi, mwenzio machache, na hata ndani ya mwili wako mwenyewe sikio linaweza kuwa na matambara mengi kuliko mkono. Yakiwa machache kiungo kinavumilia, hujui hata kama yapo. Yakizidi kiwango fulani ndo kiungo kinaanza kulia. Daktari alicheka akasema na yeye atawaelezea wenzie hivyo.

Ugonjwa kwa jina refu ni kisukari na uziwi wa kurithi kwa mama. Kwa wengine herufi ile ile inaleta mashambulizi kama ya kiharusi wakiwa bado vijana, na degedege, hayo kwetu bado hayajatokea na naomba yasitokee.

Sasa hela. Yule daktari alisema ili tuwe na uhakika inabidi kipimo cha vinasaba kiende nje ya nchi, bima yangu ikagoma, akaniambia nisubiri atafute njia ya bei nafuu. Mie na haraka zangu sikusubiri. Nikapata mtu wa kati anayekusanya sampuli, nikakopa vikoba, nikatoa damu na shilingi 780,000, baada ya wiki sita jibu likarudi: hakuna kilichoonekana. Nililia siku nzima, sijui kwa furaha au kwa hasira. Daktari aliporudi likizo akauliza ulipeleka nini, nikasema damu. Akashika kichwa. Hii herufi ya 3243 kwenye damu inapungua kadri mtu anavyozeeka, kwa mtu mzima inaweza kuwa kidogo kiasi kwamba kipimo cha kawaida hakiioni, wakati kwenye mkojo inaonekana vizuri kwa sababu mkojo unabeba seli za njia ya mkojo. Mkojo, jamani! Ambao nilikuwa naumwaga mara tano kwa usiku.

Ya pili ilikuwa 1,240,000 pamoja na usafirishaji, safari hii mkojo na damu vyote, na kipimo chenye uwezo wa kuona kiasi kidogo. Tuliuza ng'ombe. Baada ya wiki saba majibu: mkojo una matambara asilimia 62, damu asilimia 15. Kwahiyo kama umeambiwa upime hiki kitu, uliza kabla hujatoa senti, sampuli gani, na kipimo kinaona hadi asilimia ngapi. Mie kuuliza kungenigharimu vocha ya elfu moja.

Hela nyingine ilikwenda kwenye vidonge. Ukishajulikana una ugonjwa wa mitokondria watu wanakuletea kila kitu. Nilinunua koenzaimu Q10, chupa 165,000, miezi mitano mfululizo, sikuona tofauti niliyoweza kuisema kwa uhakika. Daktari alisema wapo wanaotumia, haina madhara makubwa, ila ushahidi kwa ugonjwa kama wangu ni mdogo na hakuna dawa yoyote inayoiponya hiyo herufi, kwahiyo nisikope kwa ajili yake. Nilikuwa nimeshakopa.

Zile hela zingeenda kwenye mashine ya kusikia ya kweli toka mwanzo. Nilinunua ya sikio moja 2022, laki tisa, walinipima kwanza wakairekebisha kufuatana na sauti ninazokosa. Siku ya kwanza nimeivaa nikasikia mafuta yanachemka kwenye sufuria nikadhani mvua. Tena nasikia wenye shida hii ambao masikio yanakufa kabisa wakiwekewa kile kifaa cha upasuaji cha ndani ya sikio wengi wanafanya vizuri, kwa sababu mshipa wa kusikia unakuwa bado mzima.

Dawa nikahamishiwa insulini, ndo wengi wetu tunakoishia. Sina friji, naiweka kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowanishwa, kona ya giza, mtori wa mchana hauguswi na mtu mpaka nimechoma. Kichefuchefu kiliisha ndani ya wiki mbili. Ngazi kumi na nne bado zinachoma ila sio moto ule.

Hayo ya mwili nimeyaeleza kirahisi. Ya nyumbani ndo magumu. Mama mkwe alipopata habari alisema sentensi moja tu, kumbe tulioa ugonjwa. Tumeshasameheana, alikuja mwenyewe na majani ya sale, ya kuombea msamaha kwa desturi, nami sikulirudia lile neno hadi leo hii ninapoliandika. Ila lilinikaa. Nilikuwa nawaangalia wanangu wamelala nasema mimi ndo niliyewapa, kama vile nilichagua. Nilikaa karibu mwaka nikimchukia marehemu mama yangu halafu namwomba msamaha halafu namchukia tena. Yule mwanamke mwaka 2011 alipanda lori kwenda Loliondo kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa ajili ya yale masikio, na nauli alikopa. Alihangaika kama mimi, tofauti ni kwamba yeye hakuna aliyemchorea duara.

Na kuna kitu cha kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Mama mkwe alikuwa anaogopa ukoo wao. Mwanangu wa kiume, mrithi wa kihamba, hata kama anayo hawezi kumpa mtoto wake yeyote, kwake inakufa. Anayeweza kuipitisha ni binti, ambaye kwa hesabu za kwetu ataolewa aende ukoo mwingine na hakuna atakayemfuatilia. Ndivyo ilivyotembea miaka yote, inabebwa na mabinti kutoka boma hadi boma, kila boma linaona mgonjwa mmoja tu na linasema ni bahati mbaya.

Niliwapigia ndugu wa upande wa mama wote. Dada yangu alisema hataki kujua, nikaheshimu, ila amekubali kupima sukari kila mwaka. Mama mdogo wa Arusha alikasirika.

"Unataka kuniambia mama yangu alikuwa na laana?" aliandika, maana sisi wawili kuongea kwa simu haiwezekani, ni meseji tu.

"Sio laana mama mdogo, ni herufi."

"Herufi gani?"

Nilimtumia picha ya ile fomu yenye maduara. Alikaa kimya miezi miwili. Halafu siku moja akatuma picha ya paketi ya dawa, metformin, dozi kubwa, akauliza, hii? Nilimwambia asiache mwenyewe, aende na ripoti yangu kwa daktari wake. Nilipanda basi asubuhi hiyo hiyo nikaenda nae. Alibadilishiwa. Moyo ulipopimwa ukakutwa ukuta wake umenenepa, sasa yuko kwenye dawa ya moyo na hasira zimeisha, siku hizi ndo ananikumbusha mie kliniki.

Kliniki yenyewe kwa mtu kama sisi sio sukari tu. Mwaka mara moja napima moyo kwa mashine ya umeme wa moyo na ile ya picha, mkojo kuangalia protini kwa ajili ya figo, macho nyuma kabisa maana kuna madoa yanayotokea huko ambayo sio yale ya kisukari cha kawaida, na masikio. Kwenye pochi nina karatasi nimeilaminisha, imeandikwa jina la ugonjwa na kwamba nisipewe metformin, sindano ya jentamaisini isiwe chaguo la kwanza kwa sababu inaua masikio ambayo tayari ni ya kubembeleza, valproeti isitumike kama nitapata degedege, na nikifanyiwa upasuaji nisiachwe na njaa muda mrefu bila dripu ya sukari. Kuna nesi mmoja aliisoma akacheka, akasema mama wewe ni daktari sasa. Nikamwambia wewe soma tu. Na kufunga nimeacha. Mchungaji nilimweleza akasema Mungu hahitaji nife ndo anisikie, nikatamani angesema hivyo 2021.

Watoto sijawapima vinasaba. Daktari alinishauri tusikimbilie, wakiwa wazima jibu halibadilishi matibabu, linabadilisha tu jinsi utakavyowatazama, wakifika umri waamue wenyewe. Tunapima sukari na masikio. Binti ana miaka 15 na anajua kila kitu, anasoma kwenye simu kuliko mie. Ndo aliyeniambia kwamba Uingereza walipitisha sheria mwaka 2015, wanachukua kiini cha yai la mama lililorutubishwa wanakihamishia kwenye yai la mwanamke mwingine lenye mitokondria nzima, na mwaka 2025 Newcastle wametangaza watoto wanane wamezaliwa hivyo. "Mama kumbe kuna yai la kuazima," akaniambia anaosha vyombo. Nikamwambia maliza vyombo.

Mwezi uliopita nilimpeleka kupima masikio. Wanamwingiza kwenye kile chumba kidogo chenye kioo, wanamvalisha hedifoni, sauti zinapigwa moja moja, akisikia ananyoosha mkono. Mie nimekaa nje ya kioo karibu na yule mama anayepima, mashine inatoa sauti na kwake kidogo, lakini mie hakuna nilichokuwa nasikia, naangalia mkono tu. Ulipanda, ukashuka, ukapanda. Zikaja zile nyembamba za mwisho, nilijua kwa sababu mpimaji aliinamia vitufe vyake akapunguza mwendo. Mkono ukakaa pajani. Nikahesabu kimya kimya nikafika nne. Ukapanda.

Mpimaji akaandika kitu, akageuka akaniuliza kama nataka nakala ya grafu. Nikachukua mbili.